Mtoto wa Mwisho Darasani

Mzazi anayemtafutia mwanawe sekondari ya Kanisa Katoliki huanza kwa kuuliza shule inafaulisha vipi. Ni swali la haki, maana hakuna anayeuza ng'ombe ili mtoto akafeli. Hatari inakuja pale swali hilo linapokuwa la kwanza na la mwisho. Shule inaweza kufaulisha watahiniwa wake wote na bado isimfae mtoto wako. Hilo hutaliona kwenye orodha ya matokeo, kwa sababu mtoto aliyeshindwa kuendelea na shule hiyo jina lake halimo tena.

Kisa kifuatacho nakitoa kama mfano. Sinyooshei kidole nyumba yoyote ya Buigiri, Dodoma, wala shule yoyote. Nimeyakusanya pamoja mambo yanayowapata wazazi wengi, wa uwanda huu wa kati wa Tanzania na wa kwingineko, ili tuyatazame vizuri na tujifunze.

Palikuwa na mkulima mmoja wa Buigiri, kijiji kilicho kando ya barabara kuu ya Dodoma kwenda Morogoro, kiasi cha kilometa 35 kutoka mjini. Alikuwa na shamba la zabibu, alilima uwele na alizeti, na zizini alikuwa na ng'ombe kadhaa pamoja na jozi mbili za maksai wa kulimia. Alikuwa Mkatoliki mwaminifu katika kijiji ambacho misheni yake kongwe ni ya Waanglikana. Jumapili hakukosa Misa, na katika jumuiya yake ndogo ndogo alikuwa mweka hazina aliyeaminika kwa kila shilingi.

Binti yake mkubwa alimaliza darasa la saba kwa daraja B. Mwalimu wake wa hisabati alimwita baba, akamwambia maneno ambayo yangetosha kuongoza yote yaliyofuata: "Mzee wangu, binti yako hana haraka. Ukimweleza jambo mara moja, bado. Ukimweleza mara ya tatu, halimtoki tena maisha yake yote. Mtafutie mwalimu mwenye subira." Baba alishukuru kwa moyo. Lakini maneno yale aliyasikia kama sifa, akayaacha palepale.

Serikali ilimpangia binti shule ya kata, ambako tangu Januari 2016 hakuna ada hadi Kidato cha Nne. Baba hakuitaka. Alikuwa na mjomba aliyesoma seminari miaka ya 1970, akarudi nyumbani akizungumza Kiingereza kilichonyooka na kuandika mwandiko mzuri kuliko karani wa wilaya. Tangu utotoni, baba yule alipowaza elimu bora alimwaza mjomba wake.

Wako wengi wanaowaza hivyo, na chanzo chake ni historia. Kwa Sheria ya Elimu ya 1969, Serikali ilizitwaa shule za madhehebu ya dini. Hata St. Francis ya Pugu, ambako Mwalimu Nyerere alifundisha hadi alipojiuzulu mwaka 1955, ikawa shule ya umma. Seminari zilibaki mikononi mwa Kanisa, kwa kuwa kazi yake ni kuwalea mapadre. Kwa hiyo kizazi kizima kilikua kikiijua sekondari ya Kikatoliki kwa sura ya seminari: wavulana wachache waliochujwa, kengele, ukimya, nidhamu, ufaulu. Shule za kawaida za majimbo na za mashirika ya kitawa zilipoongezeka, hasa kuanzia miaka ya 1990, wazazi wakazivika sifa zilezile bila kuuliza kama zote ni za namna moja.

Baba akasikia habari za shule moja ya bweni, mbali na Dodoma, yenye jina la mtakatifu. Tangazo lake lilikuwa na picha ya majengo ya ghorofa, mabinti waliovaa sare safi, na maneno kwamba watahiniwa wote wa Kidato cha Nne wamepata Daraja la Kwanza. Alilipeleka tangazo lile nyumbani, na jioni likazunguka mikononi mwa majirani. Usaili ulifanyika Dodoma mjini, binti akapita. Zikaja fomu za kujiunga, kurasa nyingi zenye ada, awamu za kulipa, orodha ya vifaa na kanuni za shule.

Mama mtu hakusoma zaidi ya darasa la saba, ila ndiye aliyeuliza swali la maana. "Baba, hiyo shule umeifika?"

"Ni shule ya Kanisa," akajibu. "Nikamkague Padre? Nikawahoji Masista?"

"Sijasema kumkagua Padre. Nasema twende tukaone anakolala mtoto."

Hawakwenda. Nauli ya watu wawili ilionekana kubwa mbele ya ada, na heshima ya baba kwa Kanisa ikafanya kuuliza kuonekane kama kukosa adabu. Akatia saini kila palipoachwa nafasi. Katika ukurasa mmojawapo iliandikwa kwamba mwanafunzi asiyefikisha wastani wa 60 mwishoni mwa Kidato cha Pili, mzazi wake atashauriwa kumtafutia shule nyingine.

Ada ya kwanza ilidaiwa Januari. Yeyote aliyelima uwanda huu anajua Januari ni mwezi gani. Mvua ndiyo kwanza imeanza kukolea, mbegu iko ardhini, ghala linaelekea kuisha, zabibu bado hazijaiva. Fedha za mkulima wa Ugogo huja kuanzia Mei, alizeti na uwele vikishavunwa, na kwa mwenye zabibu huja misimu miwili kwa bei ambayo hakuipanga yeye. Baba akauza jozi moja ya maksai. Jumuiya ikachangia godoro na sanduku. Msimu ule alilima nusu ya eneo lake, na awamu ya pili ilipofika akauza jozi iliyobaki.

Huko shuleni, binti alikutana na jambo ambalo hakuna aliyemwandaa nalo. Alisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, na wenzake wengi walitoka shule za mchepuo wa Kiingereza. Tangu wiki ya kwanza biolojia, jiografia na hisabati zilifundishwa kwa Kiingereza na kwa kasi ya wale wanaokielewa. Kulikuwa na masomo ya maandalizi kabla ya Kidato cha Kwanza, lakini yalikuwa na malipo yake, na baba aliona ni ziada. Kila mwezi matokeo yalibandikwa ukutani, majina kwa mpangilio, wa kwanza juu na wa mwisho chini. Binti akalizoea jina lake likiwa karibu na sakafu. Alipopiga simu nyumbani kwa simu ya matroni alisema yuko salama. Hakutaka kumwongezea baba mzigo, kwa kuwa alijua habari za maksai.

Hata hivyo hakukaa bure. Alisoma mara ya pili na mara ya tatu, kama mwalimu wake wa zamani alivyomfahamu. Upimaji wa Kitaifa wa Kidato cha Pili aliufaulu. Lakini kwa vipimo vya shule alipata wastani wa 54. Desemba barua ikafika Buigiri: mzazi anashauriwa kumhamisha mwanafunzi.

Ndipo baba alipoifika ile shule kwa mara ya kwanza, amekuja kuomba. Mkuu wa shule alimpokea kwa upole, akamkaribisha kiti na chai, kisha akamfungulia fomu. "Baba yangu, saini hii ni yako?" Ilikuwa yake. Hakuna aliyemdanganya. Tangazo lilisema kweli, ukurasa ule ulisema kweli, na shule ilikuwa na vibali vyote.

Binti alirudi akaanza Kidato cha Tatu katika shule ya kata iliyokuwa wazi kwake tangu mwanzo. Alimaliza akapata Daraja la Tatu, na wengi wangesema mambo yameisha vizuri. Lakini usiku aliporudi na sanduku lake alimwuliza baba swali moja, "Baba, mimi ni mjinga?" na walimu wake wapya walisema ilichukua muda mrefu sana kabla hajanyoosha mkono tena darasani. Hasara ya maksai huhesabika na pengine hufidika. Mtoto akishaacha kuiamini akili yake, hasara yake haina bei.

Sasa tutazame makosa yaliingilia wapi, na dawa yake iko wapi.

Kosa la kwanza lilikuwa kuipima shule kwa wale waliofika mwisho. Baraza la Mitihani huweka matokeo hadharani, ya Upimaji wa Kidato cha Pili na ya mtihani wa Kidato cha Nne, shule kwa shule, mtahiniwa kwa mtahiniwa. Mzazi asiye na simu ya intaneti anaweza kumwomba kijana wa stesheneri amfungulie kwa malipo madogo. Chukua shule unayoitaka. Hesabu waliofanya upimaji wa Kidato cha Pili mwaka 2022, kisha hesabu waliofanya Kidato cha Nne mwaka 2024. Ni kundi lilelile, miaka miwili baadaye. Ukikuta walikuwa 96 na sasa ni 58, wote wakiwa na Daraja la Kwanza, una haki ya kuuliza wale 38 wako wapi. Wapo watakaokuwa wamehamishwa na wazazi wao, walioumwa au walioshindwa ada, na pengine wamo wageni waliohamia. Hesabu hiyo peke yake haitoi hukumu. Ila shule yenye jibu safi italitoa bila kukasirika. Fanya hivyo kwa makundi mawili au matatu, utaiona tabia ya shule.

Januari 2023, likitangaza matokeo ya Kidato cha Nne ya 2022, Baraza lilieleza kwamba halitataja tena shule kumi bora. Wapo wazazi waliosikitika. Mimi naona lilitusaidia, kwa sababu orodha ile ilitufundisha kuzitazama shule kwa kilele chake na kusahau ngazi nzima iliyo chini yake.

Kosa la pili lilikuwa kumchagulia shule mtoto asiyekuwepo. Baba alimchagulia shule mjomba wake, mvulana mwepesi wa miaka ya 1970. Binti aliyekuwa mbele yake alihitaji mwalimu wa kurudia somo, darasa lisilojaa, na miezi mitatu ya Kiingereza kabla ya kuanza. Mwalimu wa shule ya msingi aliyekaa naye miaka kadhaa alikuwa amekwisha kusema. Kabla ya kutafuta shule, mfuate mwalimu huyo umwulize mtoto anajifunza vipi, anaogopa nini, anakata tamaa lini, anafurahi akifanya nini. Majibu yake yaandike. Hayo ndiyo yatakayokuonyesha malipo yapi ni ya ziada na yapi ni ya lazima. Kwa mtoto wa shule ya msingi ya Kiswahili, malipo ya masomo ya maandalizi yanaweza kuwa na maana kuliko jengo la ghorofa.

Vivyo hivyo kwa seminari. Seminari ndogo ni nyumba ya malezi ya kijana anayesikia wito wa upadre, na hupokea vijana kwa barua ya paroko kwa sababu hiyo. Kumpeleka mvulana asiye na wito ili apate ufaulu tu ni kumfundisha kusema uongo mbele ya altare akiwa na miaka kumi na minne. Na huenda amechukua kitanda cha mwingine aliyekuwa na nia ya kweli.

Kosa la tatu, na naliona kubwa kuliko yote, lilikuwa kuifanya heshima kwa Kanisa kuwa sababu ya kunyamaza. Kanisa lenyewe halikubaliani na ukimya huo. Tamko la Mtaguso wa Pili wa Vatikano kuhusu elimu ya Kikristo, la Oktoba 1965, linawataja wazazi kuwa walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa ya 1983, katika kanuni ya 796, inawataka wazazi washirikiane kwa karibu na walimu, na inawataka walimu wawasikilize wazazi kwa hiari. Kanuni ya 803 inasema shule isijiite Katoliki bila idhini ya mamlaka halali ya Kanisa, na kanuni ya 806 inampa askofu wa jimbo haki ya kuzisimamia na kuzitembelea shule za Kikatoliki zilizo jimboni mwake, hata zile za mashirika ya kitawa. Ikiwa askofu anakagua, mzazi anayetaka kuona bweni hajavuka mpaka wa adabu.

Hapo pia pana jambo la majina. Jina la mtakatifu langoni halithibitishi kwamba shule ni ya Kanisa Katoliki. Waanglikana wana watakatifu wao kwenye majina ya shule, na watu binafsi pia. Shule za St. Mary's zinazojulikana nchini zilianzishwa na marehemu Mchungaji Getrude Rwakatare, kiongozi wa kanisa la Assemblies of God. Hakuna ubaya wowote katika hilo. Lakini mzazi anayetaka Misa, sakramenti na katekesi kwa mwanawe aulize wazi: mmiliki ni nani, jimbo au shirika gani, idara ya elimu ya jimbo inaitambua, huduma ya kiroho hutolewa na nani, na namba ya usajili ya Wizara ya Elimu ni ipi. Kuuliza si ujinga.

Sasa nifike kwenye kiini. Shule ya Kikatoliki inajulikana kwa nini hasa? Kwa msalaba ukutani, rozari ya jioni na Misa ya Jumatano? Hivyo ni vyema na vinapaswa kuwepo. Lakini tazama elimu ya Kanisa ilivyoanza katika nchi hii. Mwaka 1868 Wamisionari wa Roho Mtakatifu walivuka kutoka Zanzibar wakaweka kituo Bagamoyo, na wanafunzi wao wa mwanzo walikuwa watoto waliokombolewa utumwani. Hakuna aliyewafanyia usaili. Walikuwa watoto wa mwisho kabisa katika pwani nzima, wasio na baba wa kuwalipia wala ukoo wa kuwadai, na hao ndio waliowekwa mbele ya ubao.

Majina ya hapa Dodoma nayo yanasema hivyohivyo. Wajesuiti wana sekondari inayoitwa St. Peter Claver, na Petro Claver ni padre aliyewahudumia Waafrika walioshushwa kutoka meli za watumwa huko Cartagena hadi alipofariki mwaka 1654. Ipo sekondari yenye jina la Maria De Mattias, mwanamke aliyeanza mwaka 1834 katika kijiji cha Acuto, Italia, kuwafundisha wasichana ambao hakuna aliyeona haja ya kuwafundisha. Shule inayobeba jina la namna hiyo imejitwika ahadi, na mzazi ana haki ya kuikumbusha.

Tena watu wa Buigiri hawahitaji kwenda mbali kutafuta kipimo. Pale kijijini ipo Shule ya Wasioona ya Buigiri, iliyoanzishwa na Waanglikana mwaka 1950, ya kwanza ya aina yake nchini. Fikiria maana yake wakati ule. Katika nchi ambayo hata watoto wanaoona hawakuwa na madawati ya kutosha, Kanisa lilimchukua mtoto asiyeona, ambaye kijiji kilishamhesabu kuwa wa kuketi kivulini, likamwekea nukta nundu chini ya vidole akasoma. Huyo ndiye mtoto ambaye mfumo wa kuchuja ungemwondoa siku ya kwanza. Wakatoliki tunaweza kujifunza kwa jirani zetu hao bila aibu: shule ya Kanisa hupimwa kwa inavyomtendea mtoto wa mwisho darasani. Wa kwanza atafaulu popote.

Natambua hoja ya wakuu wa shule. Shule za Kanisa nyingi huishi kwa ada, hulipa walimu wenyewe, na wazazi haohao wanaolalamikia kuchujwa ndio wanaokimbilia shule yenye Daraja la Kwanza tupu. Wizara ya Elimu imewahi kuzionya shule binafsi dhidi ya kuwaondoa wanafunzi kwa wastani ambao zimejipangia zenyewe, lakini onyo la Wizara halitafanya kazi ikiwa wazazi wanaendelea kununua kilekile kinachokatazwa. Tukibadili tunachouliza, shule zitabadili zinachotangaza.

Katika kisa chetu, mtoto wa pili alipofika darasa la saba, mama ndiye aliyeshika jambo. Mwezi Julai, alizeti ikiwa imevunwa na muhula ukiendelea, yeye na mumewe walizitembelea shule mbili za Kikatoliki katika mkoa wao. Hawakutoa taarifa ya siku. Walisalimia getini, wakajitambulisha, wakaomba kumwona mkuu wa shule.

Waliomba kuona bweni. Walitazama kama mlango unafunguka kwa ndani usiku, kama madirisha yana nondo ambazo mtoto hawezi kuzipita, kama kuna njia ya pili ya kutokea. Si woga wa bure. Mwaka 1994 moto katika bweni la Shauritanga, Rombo, uliua wasichana zaidi ya 40, na Agosti 2009 moto mwingine uliua wasichana 12 katika bweni la Idodi, Iringa. Waliuliza maji yanatoka wapi wakati wa kiangazi, swali ambalo mtu wa Dodoma hapaswi kulisahau. Walikwenda jikoni, wakaangalia maharage na unga, na wakaongea na mpishi. Walimwuliza matroni analala wapi na mtoto akiumwa usiku anapelekwa wapi.

Waliuliza kuhusu fimbo. Kanuni za Serikali zinataka adhabu ya viboko itolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemruhusu kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe katika kitabu. "Kitabu chenyewe tunaweza kukiona?" mama akauliza. Katika shule ya kwanza hakikupatikana. Katika ya pili kililetwa.

Waliuliza kuhusu fedha kwa uwazi wa wakulima. "Sista, fedha yetu huja kuanzia Mei. Januari tunaweza kuleta kiasi fulani, kilichobaki tulete Juni na Septemba, tukiandikiana?" Shule ya kwanza ilikataa. Ya pili iliwaita mhasibu, wakaandikiana. Kumbuka kwamba hakuna aliyewapunguzia hata shilingi. Waliomba tu tarehe ya kulipa ifuate mavuno, na shule inayofahamu watu wake hulielewa hilo.

Mwisho mama akauliza swali alilokuja nalo kutoka nyumbani. "Sista, mtoto wenu wa mwisho darasani, mnamfanyaje?"

Mkuu wa shule akamjibu, "Mama, wa mwisho tunaye. Jioni baada ya vipindi ana mwalimu wake, na mwenzake mmoja aliye mbele amepewa kazi ya kukaa naye. Kuna wanaopata Daraja la Nne hapa, sitakuficha. Lakini aliyeanza nasi Kidato cha Kwanza akitaka kumaliza nasi, anamaliza." Kisha akawapeleka darasani wakaona.

Matokeo ya shule ile si ya kubandikwa kwenye mabango. Walimwandikisha huko, na hawakuuza ng'ombe kwa sababu yake.

Mzazi unayejiandaa, fanya haya. Zungumza na mwalimu wa darasa la saba kabla ya kuzungumza na shule yoyote. Hesabu Kidato cha Pili dhidi ya Kidato cha Nne. Mwulize paroko au idara ya elimu ya jimbo kuhusu umiliki. Tembelea shule muhula ukiendelea, usingoje siku ya sherehe ambapo kila kitu kimefagiliwa. Soma fomu nzima pamoja na mtoto, na usitie saini chini ya kanuni ambayo hukuielewa au huikubali. Ukikuta sharti la wastani, uliza kwa maandishi nini hutokea kwa asiyeufikia na anasaidiwa vipi kabla ya kufika hapo. Pigia hesabu nauli, vifaa na michango pamoja na ada, kisha linganisha na kalenda ya shamba lako. Na ikiwa baada ya yote hayo shule ya kata iliyo karibu, yenye mwalimu mwenye bidii na mtoto anayelala nyumbani, inaonekana kumfaa zaidi, mpeleke huko bila kujiona umeshindwa. Sala, katekesi na maadili anaweza kuyapata kwako na katika jumuiya yako, na kwa kweli hapo ndipo yalipotakiwa kuanzia.

Na ukishapata shule iliyokujibu vizuri, shika upande wako. Lipa kwa tarehe mliyoandikiana, maana mshahara wa yule mwalimu wa jioni unatoka kwako. Hudhuria vikao vya wazazi. Mtoto akikwambia kwa simu kwamba yuko salama, mwulize tena, na panga safari ukamwone mwenyewe kabla muhula haujaisha.